Nicolaus Kasmiri, Aliyelazwa kwa Jina la Rafiki Yake

Baba Paroko, Sheikh wetu na waumini mliofuatana naye kutoka Kang'ata, viongozi wa mtaa, madaktari na wauguzi mliotoka Kwemlangila, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani wote, poleni, na asanteni kwa kufika hapa nyumbani kwetu Manundu. Mimi ni Loyce, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasimulia maisha ya baba yetu, Mzee Nicolaus Kasmiri Komba, kabla hatujamsindikiza kanisani na kisha makaburini. Naomba mnivumilie, maana historia hii ina jambo ambalo historia nyingine za marehemu hazina, nalo ni kwamba mtu huyu tulishamlilia miaka kumi na mitatu iliyopita, kwa matanga kamili, na wengi wenu mliokaa kwenye turubai hili mlikula wali wa matanga hayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Desemba 1959, katika kambi ya shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Kasmiri Komba na Mama Stefania, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Babu alikuja kutoka Songea mwaka 1952 kama manamba, kwa mkataba, akiwa na nia ya kukata mkonge, kupata ng'ombe wawili watatu na kurudi kwao, lakini Korogwe ikamshika, akaoa, akazaa, na nyumbani kwake kukasikika Kiswahili chenye Kingoni ndani yake na Kishambaa cha majirani pembeni. Jina la Nicolaus alipewa na padre aliyembatiza, kwa kuwa alizaliwa siku ya mtakatifu huyo, na Baba alipenda kusema kuwa wazazi wake hawakupata tabu ya kumtafutia jina, padre alisoma kalenda tu.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale kambini kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 alipomaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, jambo lililomuuma kwa muda, kisha likamtoka, na mwaka 1977 akaajiriwa na shamba kwenye korona, yaani kwenye mashine ya kusindika majani ya mkonge, kwanza kama kibarua wa kulisha mashine, baadaye kama fundi msaidizi. Ni mashine hiyo iliyomchukua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto mwezi Machi 1983. Hakuilaumu, alisema ilikuwa na njaa na yeye alikuwa na usingizi.

Tarehe 25 Oktoba 1986 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Evodia, binti wa kambi ya jirani, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wanne, ambao ni Valerian, aliyezaliwa mwaka 1987, mimi Loyce, mwaka 1990, Benedicto, mwaka 1994, na Joyceline, mwaka 1999, wote tupo hai na wote tupo hapa. Ndoa yao ilikuwa ya kelele kidogo na ya kicheko kingi, na majirani wa upande huu wa Manundu ni mashahidi kuwa Mama alipomwita Baba kutoka jikoni, waliitika watu wa nyumba tatu.

Mwaka 1992 shamba lilipunguza wafanyakazi na Baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Hapo ndipo alipoanza biashara ya mazao, akipanda Vugiri kununua maharage na kabichi kwa wakulima wa kule milimani, na kuyashusha hadi Handeni mjini na Kang'ata, ambako ardhi ni kavu na kabichi ya Vugiri hupokelewa kama mgeni wa heshima. Katika biashara hiyo alimpata rafiki, Mzee Mdoe, mkulima wa Kang'ata, ambaye leo amekaa pale mbele pamoja na kaka zake Baba, na hakuna aliyemweka pale, amekaa mahali pake. Baba alikuwa Mkristo na Mzee Mdoe ni Mwislamu, Baba aliongea sana na Mzee Mdoe huongea kwa kupimiwa, lakini Baba alikuwa akifika Kang'ata analala kwake, na mzigo ukichelewa kuuzwa Mzee Mdoe anauuza mwenyewe kama wa kwake.

Sasa naomba nifike kwenye sehemu niliyoitaja.

Tarehe 19 Aprili 2012, siku ya Alhamisi, masika ikiwa imekolea, Baba alipanda lori la mazao kwenda Kang'ata akiwa na dereva na wafanyabiashara wawili. Mbele kidogo ya Handeni kuna korongo ambalo kiangazi mbuzi hulivuka bila kulowa, siku ile lilikuwa limejaa, dereva akaona maji ni ya kuvukika, na maji yakalichukua lori. Miili ya wale watatu ilipatikana kesho yake. Wa Baba haukuonekana, lilipatikana koti lake tu, limenasa kwenye mti chini ya korongo, na ndani ya mfuko wake bado kulikuwa na pipi alizokuwa akimpelekea mjukuu wa Mzee Mdoe.

Tulimtafuta. Valerian na baba zetu wadogo walitembea na korongo hilo hadi miguu ikawavimba, Mzee Mdoe akawaongoza vijana wa Kang'ata kwa upande wao, na watu waliotuonea huruma walituambia kwa upole kuwa maji ya namna ile hayarudishi kila yalichochukua. Mwisho wazee wakakaa, wakaamua tuweke matanga. Misa ilisomwa bila jeneza. Mwishoni mwa Mei tukafanya ya arobaini. Mama alikuwa amevaa nguo nyeusi, na nyumba hii ambayo ilikuwa na kelele ikawa unasikia hata sufuria ikichemka.

Kumbe Baba alikuwa hai. Maji yalimtupa mbali kuliko tulikotafuta, upande wa pili wa korongo, na wafugaji wa Kimasai waliokuwa wakitafuta ndama wao walimkuta asubuhi akiwa amepasuka kichwa na amevunjika mguu, wakambeba kwa zamu na baadaye kwa pikipiki mpaka Hospitali ya Kwemlangila. Mmoja wao, Mzee Lemburis, alikuja kutusalimia miaka ya baadaye, na akatueleza kuwa njia nzima mgonjwa alikuwa akitaja neno moja tu, "Mdoe, Mdoe." Basi walipofika mapokezi wakaulizwa jina la mgonjwa, wakajibu kwa nia njema kabisa, "Anaitwa Mdoe." Akapokelewa kama Mdoe, akashonwa kichwa kama Mdoe, akafungwa mguu kama Mdoe, na tangu siku hiyo hakuweza tena kutamka neno.

Hospitali haikukaa kimya, ilituma salamu vijiji vya jirani kuwa kuna Mdoe amelazwa na hana mtu, lakini kwa Wazigua akina Mdoe ni wengi, walihesabiana ukoo kwa ukoo wakajikuta wametimia, na kila ukoo ukadhani ni Mdoe wa wengine.

Na katikati ya mwezi Mei, barabara ilipofunguka, nani alifika Kwemlangila? Alifika Mzee Mdoe mwenyewe, akiwa na mkate na ndizi, kwa sababu moyo wake ulikuwa haujakubali. Ameniruhusu nilisimulie hili, jana usiku nilimwomba mbele ya wazee. Alifika muda wa kuona wagonjwa ukiwa umepita, akasimama dirishani mapokezi, akauliza, "Mna mgonjwa hapa anaitwa Nicolaus Kasmiri, mtu wa Korogwe?" Wakaangalia, wakamwambia, "Hapana mzee, majeruhi tuliyenaye ni mmoja tu, naye ni Mzigua wa huku huku, anaitwa Mdoe." Mzee Mdoe akasema, "Huyo basi ni wajina wangu, maskini." Wakamwambia asubiri jioni kama anataka kumwona, akafikiria basi la mwisho, akatoa ule mkate na zile ndizi, akasema, "Mpeni wajina wangu, mwambieni Mdoe mwenzake anampa pole." Akaondoka. Baba alikuwa wodini, ukuta mmoja tu kutoka dirisha lile, na zile ndizi alizila zote.

Mnacheka, na ni vizuri mcheke, kwa sababu Baba mwenyewe aliicheka habari hii kwa miaka kumi na mitatu, akimwambia Mzee Mdoe mbele za watu, "Wewe ndiye mtu pekee duniani aliyeniletea rambirambi nikala mwenyewe." Lakini Mzee Mdoe hakucheka mwaka wa kwanza, wala wa pili.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa kijiji cha Kwemlangila, Bibi Mwatumu, ambaye Mungu alimchukua mwaka 2019. Bibi Mwatumu na wanawake wenzake walikuwa wakijitolea pale hospitali, wakipika uji na kuwanywesha wagonjwa wasio na ndugu, kuwaosha, kuwafulia shuka, bila kulipwa na mtu. Alimnywesha Baba uji wiki nyingi. Siku moja mwezi Juni, nguvu zilipoanza kumrudia mkononi, Bibi Mwatumu alimwona kabla ya kuupokea uji akijigusa paji la uso, kifua na mabega, akamwita muuguzi wa wodi ya wanaume, Sista Swaumu, akamwambia, "Mwanangu, hebu njoo umwone huyu Mdoe wetu." Sista Swaumu alisema Wazigua Wakristo wapo, hilo peke yake si kitu, lakini akavuta kiti, akakaa, akafanya jambo dogo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, alimuuliza mgonjwa mwenyewe, "Baba, wewe jina lako ni Mdoe?"

Baba akatikisa kichwa, hapana.

Miezi miwili alikuwa akigeuka kila alipoitwa Mdoe, si kwa sababu ni jina lake, bali alidhani rafiki yake amefika.

Sista Swaumu akaanza kumtajia miji, Handeni, Muheza, Lushoto, Tanga, na aliposema Korogwe machozi yakamtoka mgonjwa. Siku hiyo hiyo wakatuma tangazo kwenye parokia na misikiti ya Korogwe. Jumapili ya tarehe 24 Juni 2012, baada ya komunyo, katekista wetu akasimama kusoma matangazo, akaanza na zamu ya usafi wa kanisa, akaendelea na kwaya, kisha akasema kuna mgonjwa Hospitali ya Kwemlangila, mwanamume wa miaka hamsini hivi, hawezi kusema, ni mwenyeji wa Korogwe, na mkono wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Mama alisimama. Hakupiga kelele, yeye ambaye tunamjua kwa kelele, alipita katikati ya kanisa na nguo zake nyeusi, akatoka, sisi tukamfuata, na nyuma yetu nusu ya kanisa ikatoka bila kungoja baraka, Baba Paroko wa wakati ule alitusamehe.

Tulifika Kwemlangila mchana, muda wa kuona wagonjwa. Mama akaingia wa kwanza. Baba alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa kichwa, amekonda, akamwangalia Mama kuanzia kitambaa cheusi kichwani hadi gauni jeusi chini, akahangaika na midomo yake, na neno la kwanza alilolisema tangu maji yalipomwachia lilikuwa hili, "Mama Valeri, kafa nani?"

Mama akajibu, "Hakuna. Hakuna aliyekufa." Kisha akakaa chini sakafuni akalia, na Bibi Mwatumu akamfunika kanga yake mwenyewe.

Ndiyo maana leo mnamwona Mama amevaa kitenge chake cha njano, na nimesikia minong'ono, naomba niijibu kwa heshima. Mama anasema nguo nyeusi kwa ajili ya mume huyu alishazivaa akazimaliza, na hawezi kumlilia mtu mmoja mara mbili kwa vazi lile lile.

Baba alirudi nyumbani mwezi Agosti 2012 akitembelea fimbo, maneno yakamrudia polepole, na biashara ya lori akaiacha, akabaki na duka dogo la nafaka hapa sokoni. Mwezi Februari mwaka uliofuata alimwambia Mama kuwa anataka kwenda Kwemlangila kumsaidia Bibi Mwatumu kupeleka uji. Mama alidhani ataenda mara moja, kutoa shukrani. Alienda kila Jumanne na kila Ijumaa kwa miaka kumi.

Waliokuwa wakifika hospitali ile watamkumbuka pale barazani karibu na mapokezi, amevaa koti la bluu la watu wa kujitolea. Mtu akiingia anahema, hajui aende dirisha gani, Baba alimwambia, "Kaa kwanza, kunywa maji, ndipo uniulize." Kisha alimwelekeza kwa utaratibu, mapokezi hapa, maabara kule nyuma, dirisha la dawa mkono wa kulia, mama wajawazito mlango ule wa kijani, na kwa wale wanaolaza mtu wao aliwakumbusha mambo ambayo mtu aliyechanganyikiwa huyasahau, beseni, kanga mbili, chupa ya chai, dawa zote alizokuwa akitumia nyumbani hata kama ni za mitishamba, usione aibu, mwambie daktari. Aliwaomba ndugu wasiingie kumi kwa mgonjwa mmoja, wala wasikae kitandani kwake, na wasimlishe aliyekatazwa kula kwa sababu ya huruma. Lakini jambo alilolisimamia kuliko yote lilikuwa hili: mtu akija na chakula, akasema ana haraka, akataka kukiacha dirishani, Baba alimshika mkono na kumwambia, "Ingia umwone, hata kwa dakika moja, ukishamwona ndiyo uende." Hakuna aliyewahi kumkatalia, na Mganga Mfawidhi wa wakati ule alikubali mwenye safari ya mbali aruhusiwe kuchungulia hata nje ya muda, akisindikizwa na muuguzi.

Vijana na akina mama waliokuja kujitolea baada yake aliwafundisha osha mikono unapoingia na unapotoka, ugonjwa wa mtu usiutoe nje ya geti, usimwahidi mgonjwa kitu ambacho daktari hajakisema, na jina la mgonjwa muulize mwenyewe, na kama hawezi kusema, mtazame mpaka akuambie kwa njia nyingine.

Wagonjwa waliofika bila ndugu ndio waliokuwa wake hasa. Mwaka 2015 aliletwa bibi mmoja, Bibi Hafsa, aliyeokotwa kituo cha mabasi cha Korogwe akiwa amezidiwa na sukari, naye alizungumza Kishambaa kitupu. Baba alikaa naye kwa Kishambaa chake cha kuungaunga, akasikia akitaja shamba la tangawizi na kanisa lililo jirani na msikiti, akasema, "Hapo mimi nimenunua maharage," kesho yake akapanda Vugiri na fimbo yake, na siku ya tatu akateremka na wanawe wawili. Familia hiyo imefika leo, na magunia ya viazi mliyoyaona pale jikoni ni yao.

Si wote waliopatikana. Mwezi Novemba 2017 alifariki pale mwanamume ambaye hakuna aliyemjua, Baba alizunguka masoko na minada wiki tatu na hakupata kitu. Kwa ruhusa ya hospitali na serikali ya kijiji, yeye, Mzee Mdoe na Bibi Mwatumu walimzika, na kwa kuwa hawakujua dini yake, Mzee Mdoe alimsomea dua na Baba akamsalia Baba Yetu. Mtu mmoja akauliza kama inafaa, Baba akajibu, "Mwenyewe atachukua iliyo yake." Alirudi nyumbani siku ile, hakula, na Mama alimwacha.

Kuhusu ugonjwa, Baba alianza kusumbuliwa na mkojo mwishoni mwa mwaka 2022, na Machi 2023 madaktari walitueleza kuwa ni saratani ya tezi dume. Alipelekwa hospitali ya rufaa, akatibiwa, akapata nafuu ya mwaka mzima na zaidi, lakini Oktoba 2024 ikabainika imeingia kwenye mifupa. Sitaficha, miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuliko yale maji ya mwaka 2012. Maumivu yalimfanya mtu huyu mwenye maneno mengi akawa anang'ata shuka, na sisi watoto tukawa tunatoka nje ili tusimsikie.

Mwezi Machi mwaka huu ndipo alipokuja Muuguzi Yusra, wa huduma ya wagonjwa wa majumbani kutoka Kwemlangila, na ile dawa ya maji inayoitwa morfini. Tulikataa. Kaka Valerian alisema wazi, "Dada, hiyo ni dawa ya kumwambia mtu afe." Muuguzi Yusra hakukasirika, alikaa chini kwenye mkeka, akatueleza kuwa dawa ile haimwondoi mtu, inaondoa maumivu, inapimwa kidogo kidogo, na yeye atakuwa anarudi kila wiki kuangalia, na tukiwa na wasiwasi saa yoyote tumpigie. Kisha akamgeukia Baba, akamuuliza yeye mwenyewe kama anaitaka. Baba akasema, "Binti yangu, nimekusubiri sana."

Jioni ile alilala, na asubuhi aliamka akaomba makande. Siwezi kuwaeleza nyumba hii ilivyopumua. Kwa miezi mitano aliyobaki nayo tulipata baba yetu, si mgonjwa wetu, aliongea, alimtania Mzee Mdoe, alimfundisha Joyceline kuchagua maharage mazuri, alimwita kila mtu aliyekuwa na neno naye wakayamaliza, na Mama akarudi kupiga kelele jikoni. Kama kuna mtu hapa ana mgonjwa wa namna hii nyumbani na anaogopa kama tulivyoogopa sisi, Muuguzi Yusra yupo pale karibu na Baba Paroko, baada ya maziko zungumzeni naye.

Wiki ya mwisho madaktari walitupa nafasi ya kumlaza, Baba akachagua nyumbani. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025, aliomba dirisha lifunguliwe, akatutaja mmoja mmoja kwa majina yetu ya ubatizo, kisha akamshika Mama mkono akasema, "Mama Valeri, mimi sasa naondoka, usije ukanitafuta mtoni." Mama akamwambia, "Nenda, nimekuona unavyokwenda." Alifariki saa nne asubuhi, sote tukiwa ndani, na Mzee Mdoe amekaa miguuni pake. Tulilia, lakini nawaambia kweli, ndugu zangu, kilio kile hakikufanana na kile cha kwanza, kilikuwa kilio cha watu waliotua mzigo.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wanne na wajukuu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kwemlangila, waliompokea mara mbili, mara ya kwanza bila kumjua na mara ya pili wakimjua kuliko wanavyotujua sisi, inawashukuru madaktari wa hospitali ya rufaa, Sista Swaumu ambaye amestaafu na amesafiri kutoka Tanga kuja hapa, na Muuguzi Yusra. Tunamshukuru Mzee Lemburis na wenzake, ambao waliacha kumtafuta ndama wao siku ile, na hatujui hadi leo kama ndama huyo alionekana. Tunawashukuru wenzake wa koti la bluu, majirani wa Manundu mlioleta maji na kuni kabla hatujaomba, wafanyabiashara wa sokoni, Jumuiya, kwaya, Sheikh na ndugu wa Kang'ata. Mzee Mdoe, wewe hatukushukuru, wewe ni mfiwa.

Baba, tutakulaza leo jirani na Babu Kasmiri na Bibi Stefania, na msalaba wako umeandikwa jina lako, nimelisoma herufi kwa herufi mimi mwenyewe, hakuna iliyokosewa. Jumanne Joyceline ataenda Kwemlangila kuchukua zamu. Wewe tulia sasa, umefika, upumzike kwa amani.